Nyoka Akifa, Fimbo Hutazamana

Nyoka akifa, fimbo hutazamana. Ndiyo, nimesema, na nitasema tena mpaka masikio yenu yazibuke. Swila mmemuua pamoja, kuku wangu wamesalimika, ahsanteni. Lakini wewe Chande na wewe Mbwana mmeshaanza kutoleana macho, kila mmoja anadai ndiye aliyempiga kichwani, na fimbo bado ziko mikononi. Mnauliza maneno haya nimeyatoa wapi? Kaeni chini. Yalianza kwa mjomba wangu Shomari, na hayakuanzia hapa Pangani. Yalianzia darajani, huko Berlini, Ujerumani.

Shomari alikuwa mchochea makaa wa meli. Alishukia Ujerumani angali kijana, akaoa huko mwanamke aitwaye Lotte. Manazi waliposhika nchi, mtu mweusi akawa hana pake. Miaka yote ile aliishi kwa kujibanza, akiosha vyombo kwenye chumba cha chini ya ardhi, akishtuka kila aliposikia buti ngazini. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alilia kama mtoto. Mrusi alikuwa ametokea mashariki, Mmarekani magharibi, wakamponda nyoka yule wa Kinazi katikati yao. Kisha wakaugawana mji. Mtaani kwa Shomari mpaka ulikuwa mfereji, na juu ya mfereji pana daraja: mwisho mmoja askari wa Kirusi, mwisho wa pili askari wa Kimarekani.

Mjomba akapata kazi ya upishi katika kambi ya Warusi. Lotte alikuwa ng'ambo, kwa Wamarekani, amelala na kifua kikuu nyumbani kwa dada yake. Mji mzima ulikuwa unakula viazi vilivyooza. Daktari alimwambia Shomari waziwazi: mkeo asipopata supu ya nyama kila siku, usimhesabu. Basi kila adhuhuri mjomba alivuka daraja na sufuria ya supu aliyoruhusiwa kuchukua kambini.

Darajani aliwazoea askari wawili. Mrusi aliitwa Grisha, Mmarekani Wendel, na wote walibabaisha Kijerumani. Siku za mwanzo walikuwa wakikumbatiana hadharani. Wamebadilishana saa za mkononi, wamecheza dansi juu ya daraja mpaka mbao zikalia. Mjomba akifika, hufunua kifuniko, akawachotea kila mmoja kijiko kimoja kutoka sufuria ileile. Wakianza kutupiana maneno, huyu amwite mwenzake bepari mnyonyaji, yule ajibu, "Na wewe hata suruali yako ni ya serikali," Shomari alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ee, alijua anachokiona! Sisi Wazigua tunaujua utani. Watu waliowahi kushika mikuki pamoja au kushikiana mikuki wao kwa wao, mwisho wake huwa watani. Mtani atakutukana msibani na hutakasirika. Mjomba alikuwa hata akimvua Grisha kofia, anaivaa yeye, na Grisha anacheka.

Hapo ndipo alipokosea, wanangu. Aliona utani mahali ambapo hapakuwa na utani.

Kwa maana maneno yale yalikuwa ya kweli. Mmarekani alitaka Ujerumani ijengwe kwa njia yake, kila mtu na mali yake, soko liamue. Mrusi alitaka mali iwe ya umma na serikali ipange. Kila mmoja aliamini mwenzake atammeza. Mmarekani alikuwa na bomu la kuteketeza mji mzima kwa mara moja, na Mrusi hakupata usingizi kwa sababu ya bomu hilo. Saa zilirudishwa kwa wenyewe. Dansi ikaisha. Vijiko vya supu vikaliwa kimyakimya, halafu Wendel akakataa chake, halafu Grisha. Mjomba akasema, ah, watani wamenuniana, watapatana.

Ilipofika mwaka 1948, mwezi wa sita, Warusi wakafunga barabara zote za kuingilia upande wa Wamarekani. Siku ya pili yake Shomari akafika darajani na sufuria.

"Chakula hakivuki," Grisha akasema.

Mjomba akaangua kicheko. "Nipishe huko, mla viazi wee! Mama yako anajua kwamba hata kunawa hujui?" Akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa.

Grisha hakucheka. Alikuwa amesawijika, na nyuma yake alisimama ofisa. Grisha akaikoki bunduki.

"Mwache apite!" Wendel akapiga kelele kutoka mwisho wa pili, naye akakoki.

"Haya, na wewe tena!" Shomari akageuka, meno bado yako nje. Ndipo akaona mtutu wa Wendel unapita begani kwake, unamtazama Grisha. Na wa Grisha unamtazama Wendel. Yeye hakuna aliyekuwa akimwona.

Akafunua kifuniko. "Kuleni kwanza," akasema. "Nawaombeni. Kijiko kimoja kimoja."

Grisha akaitwaa sufuria, akaitupa mferejini, supu na nyama na yote. Mafuta yakaelea juu ya maji. Shomari akaivua ile kofia, akairudisha, akavuka akiwa na kifuniko tu.

"Sufuria iko wapi?" Lotte akamuuliza.

Akamweleza. Alikuwa bado hajaamini aliyoyaona.

"Walikuwa wanagombania supu yangu?"

"Hapana, mke wangu. Supu hakuna aliyeitaka." Akakaa chini sakafuni, ameduwaa. "Lotte, mimi nimewalisha wale. Walimuua nyoka pamoja, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe nyoka akifa, fimbo hutazamana."

Ndege za Wamarekani zilileta unga na makaa, lakini nyama ya mgonjwa mmoja hazikuleta. Lotte hakuiona theluji ya mwaka ule. Mjomba akarudi huku Pangani na kifuniko chake, hiki hapa mnachokiona juu ya mtungi wangu. Na tangu hapo, nyoka akiuawa popote mtaani, alikuja mbio, si kumtazama nyoka. Alikuja kukusanya fimbo, akazitupa shimoni pamoja na mzoga, ndipo akawaambia watu hongereni.

Eti Mbwana, nani alimpiga kichwani? Hujui tena. Vizuri. Leteni hapa fimbo hizo, zote mbili. Nyoka akifa, fimbo hutazamana, na anayesimama katikati ana sufuria ya mgonjwa.