Jini wa Kufukuza Ndege

"Dinari mia nne! Unanitupia dinari mia nne kama sadaka ya Ijumaa, Shaame, na wewe unalalia kitanda cha pembe?"

"Kaka Faki, punguza sauti. Uko mbele ya Sultani."

"Na asikie! Kwani mwizi ni mimi?"

Basi hivyo ndivyo walivyogombana ndugu wawili wa tumbo moja, watoto wa mkulima wa mpunga, mbele ya Sultani Ghalibu, mwenye kuutawala mji wa Marijani na mabonde yake yote, na Shaame, aliye mdogo, amevaa joho la zari, na Faki, aliye mkubwa, ana tope la konde nyayoni, na wivu umemjaa.

Kisa chao nakisema kilivyo, sikipambi. Kwao mpunga ukichanua watu hupanda dunguni, ulingo mrefu wa miti, wakaamia ndege kwa zamu, kuwafukuza wasiule, na desturi ni moja: kinachookotwa dunguni ni cha mwenye zamu, hata kama hayupo. Siku moja zamu ilikuwa ya Faki, naye akalala nyumbani, na Shaame akamshikia zamu, na katika makuti ya dungu akaokota pete, na ndani yake mlikuwa na jini. Hakumwambia mtu. Akaenda mjini, na jini akawafukuza ndege waliokuwa wakiumaliza mpunga wa Sultani, na Sultani kwa furaha akamwoza Shaame binti yake, Mwanaziwa. Habari zikamfikia Faki, akaja kudai chake, na Shaame akataka kumnyamazisha kwa dinari mia nne.

"Kwa desturi yenu, pete ni ya nani?" akauliza Sultani.

Shaame akainama. "Ya kaka, Maulana. Nilimficha."

"Mpe."

Angesimama hapo! Haki yake kaipata, angesimama hapo. Lakini Faki akaisugua pete, na jini akatokea, kichwa kinagusa dari.

"Labeka, bwana wangu."

"Nataka nyumba yake, na joho lake, na kiti chake!"

"Sijui kutoa, bwana. Najua kufukuza tu."

"Basi mfukuze huyu! Asionekane Marijani tena!"

Na upepo ukamnyanyua Shaame ukampitisha dirishani hadi bondeni kwao, na Mwanaziwa akavua mikufu yake, akajitanda ukaya kichwani, akashika njia.

"Wapi, mwanangu?" akaita Sultani.

"Kwa mume wangu, baba. Kama ni kuamia ndege, nitaamia."

Faki akakikalia kiti cha ndugu yake, na kilikuwa laini kweli. Lakini kila mpita njia kutoka bondeni alileta habari: Shaame anaimba dunguni, mkewe anampelekea chakula, wanacheka mpaka wanasikika konde ya pili. Na wivu ukamrudia Faki, safari hii akikionea kijicho kibanda cha bondeni alichokikimbia mwenyewe.

"Warudishe!" akamwambia jini.

"Sijui kurudisha, bwana."

Sultani alikuwa amesimama mlangoni.

"Faki. Ulidai chako, nikakupa siku ileile, mbele ya watu. Sasa ni mimi ninayedai."

"Unadai nini, Maulana?"

"Nataka mwanangu."