Sweta la Kumbukumbu Pacha

Haya, sogeeni karibu, na anayetafuna karanga atafune polepole tusikilizane. Leo sina hadithi ya sungura. Nina kesi, na kesi yenyewe imenishinda.

Pale Njombe mjini walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni fundi Otmari, mwenye masikio. Redio, pampu, cherehani, chochote chenye kulia, akikisikiliza kidogo tu anakuambia kinaumwa wapi. Ana maringo, lakini tumsamehe, maana huwa hakosei. Wa pili ni Yusta wa duka la vifungo, ambaye hajatupa kitu tangu azaliwe. Ukipoteza kifungo cha koti la babu yako, nenda kwa Yusta, atakuchimbulia mwenzake. Wa tatu ni Mwalimu Lufingo, mstaafu, mwenye moyo. Huyo ukiisifia kofia yake, unaondoka umeivaa.

Mtaa huohuo aliishi Mama Bosko, mjane, mmoja wa kikundi cha kufuma masweta. Mashine yao ya kufuma iliongozwa na kompyuta kongwe, iliyokwisha kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akichora humo. Mchoro wake wa mwisho ulikuwa wa maua ya porini ya nyanda za Kitulo, yakijaza mgongo mzima wa sweta, na hakuna ua lililofanana na jingine. Aliuchora kipande kipande, akaviunganisha siku zake za mwisho, akafa hajauona ukifumwa. Kila walipojaribu kuufungua, kioo kilileta maneno yaleyale: kumbukumbu haitoshi.

Wenzake wakachoka. "Mama Bosko, tunakuheshimu," akasema mwenyekiti wa kikundi, "lakini Jumamosi mashine mpya inakuja, na hii inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Mashine mpya isingeweza kuusoma mchoro ule. Ukienda, umekwenda.

Mama Bosko akasimama mbele ya wote. "Sufu aliyoitia rangi baba Bosko kwa mikono yake bado ninayo. Inatosha sweta moja. Atakayeniwezesha kuyaona maua yale, sweta hilo ni lake."

Akaja Otmari. Akaiwasha kompyuta, akaitegea sikio, kisha akaifungua ubavu. "Haina ugonjwa," akasema. "Ina njaa. Inataka ramu zaidi." Ramu, kwa msiojua, ni vile vibao vyembamba ambavyo kompyuta hushikia kazi inayoifanya wakati huo. Akaonyesha nafasi mbili tupu. "Ila hizi za zamani ni mapacha. Unaweka mbili zinazofanana, au huweki kabisa." Akazunguka madukani, vijana wakamcheka, wengine hawakuwa wamewahi hata kuziona. Lakini bila masikio yake, watu wangekuwa bado wanaipiga kompyuta makofi ubavuni.

Akaja Yusta. Akatoa funguo za duka lake mfukoni. "Si ndicho hiki?" Kumbe kishikio cha funguo zake kilikuwa ramu! Alikiokota zamani ofisi fulani ilipohama, na kwa kuwa kina kitundu pembeni, akapitisha pete. Otmari akakisugua meno kwa kifutio cha penseli, akakiingiza kiubavu, akakinyanyua mpaka kikalia ta. Akawasha. Kompyuta ikapiga mlio mkali, kioo kikabaki cheusi. "Nilisema mapacha," akanung'unika Otmari. Hata hivyo, bila mkono wa Yusta usiotupa kitu, nusu ya tiba isingepatikana Njombe nzima.

Akaja Mwalimu Lufingo, kibao chake kimefungwa kwenye leso. Nyumbani alikuwa na kompyuta kongwe kuliko hii, ya aina inayoridhika na ramu moja tu. Tangu mkewe afariki, kila jioni alikaa mbele yake akicheza karata peke yake.

Otmari akavilinganisha vibao viwili kwenye mwanga. "Vimezaliwa tumbo moja. Lakini Mwalimu, yako itazimika."

"Itazimika."

"Na karata?"

"Nitaanza kutembelea watu."

Vibao vikaingia vyote viwili. Kompyuta ikaanza kuhesabu kumbukumbu zake, tarakimu zikapanda, zikapanda, zikapita pale zilipozoea kukomea. Kisha maua yakafunguka kioo kizima. Mama Bosko aliangua kilio, na mwenyekiti akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Ijumaa sweta likakamilika.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Bila mimi," akasema Otmari, "mngebaki na kishikio cha funguo na mzee anayecheza karata."

"Na bila mimi," akasema Yusta, "ungebaki unaisikiliza njaa ya mashine mpaka ife."

Mwalimu hakudai kitu. Majirani wakamdaia: "Ninyi mmetoa ujuzi, mmebaki nao. Mmetoa kishikio, mtatafuta kamba. Yeye ametoa jioni zake."

"Aa, jamani," Yusta akaja juu, "kibao chake peke yake kingelia kama changu kilivyolia!"

Wakabishana mpaka wakamwona Mama Bosko. Alikuwa amelikumbatia lile sweta, uso wote umezama kwenye maua. Wote watatu wakaacha ubishi. Nawapenda watu wale kwa hilo.

"Vaa wewe, mama," akasema Otmari, na maringo yote yamemwisha.

Mama Bosko akatikisa kichwa. "Natamani, tena sana. Lakini niliahidi mbele ya watu, na baba Bosko hakuoa mwongo. Chagueni wenyewe."

Akalinyoosha sweta mbele yao. Hakuna aliyenyoosha mkono kulipokea.

Basi nimewaletea ninyi. Sufu imekwisha, sweta ni moja, na mama wa watu mikono inamchoka. Hebu sema wewe uliyekaa hapo: ungemvisha nani?