Mkeka wa Wawili, Kigoda cha Mmoja

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Chungu kiko wapi?"
"Kiko motoni."
"Na kifuniko chake?"
"Kakikalia Fisi."

Basi kaeni vizuri, na nyie wa nyuma acheni kutafuna, maana hadithi yenyewe ni ya mtafunaji.

Hapo kale palikuwa na Fisi, jina lake Kombo, na mkewe Bi Tatu. Bi Tatu akipika, Kombo anakula. Bi Tatu akienda kisimani, Kombo anakula. Bi Tatu akirudi, anakuta chungu kinang'aa, na Kombo analalamika kwamba chumvi ilizidi. Siku moja Bi Tatu akafunga mzigo wake wa nguo.

"Narudi kwa kaka zangu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kombo. Alimpenda mkewe. Aliupenda na mchuzi wake, lakini mke kwanza, ndivyo alivyojiambia.

"Mke wangu, kabla hujaenda tupite kwa somo, yule mshauri wa ndoa," akamsihi. "Akutibu hiyo hasira, utulie."

Somo wa mwitu ule alikuwa Bi Nguchiro, mwenye mwili mdogo, anapita chini ya tumbo la Kombo bila kuinama. Akawaambia, "Kwangu kuna kigoda na kuna mkeka. Kigoda ni cha mmoja. Unakaa peke yako, unatoa linalokuuma tangu utotoni, na linabaki hapo hapo. Mkeka ni wa wawili. Hapo mgonjwa si mume wala mke, mgonjwa ni ndoa, na kila unalosema mwenzako analisikia."

"Kigodani kuna chakula?" Kombo akauliza.

"Hakuna."

"Na mkekani?"

"Kuna chungu cha nyama katikati."

"Mkeka," Kombo akasema, na alikuwa ameshakaa.

"Sharti ni hili," akasema Bi Nguchiro. "Ukitaja kosa la mwenzako, mwenzako anakula pande la nyama. Ukitaja kosa lako, unakula wewe."

Kombo akaanza. "Mke wangu ana hasira." Bi Tatu chubwi chunguni, nyafu nyafu. "Mke wangu ananuna." Chubwi, nyafu nyafu. "Mke wangu anakula sana." Chubwi, nyafu nyafu. Mate yakamdondoka Kombo, ndo ndo ndo. Hakukumbuka ni lini alimwona mkewe akila nyama. Bi Tatu alivyofumba macho akitafuna, alikuwa yule yule msichana aliyemposa, na Kombo akaona haya kidogo. Lakini njaa iliizidi haya.

"Mimi ndiye niliyekula kunde, nikamsingizia Nyani." Chubwi, nyafu nyafu. "Mimi ndiye ninayelamba mwiko kabla haujaoshwa." Chubwi, nyafu nyafu. "Mimi ndiye niliyekunywa supu uliyoletewa na mama yako ulipougua."

Bi Tatu akafungua macho. "Ile supu?"

"Ile."

Kombo hakutia mkono chunguni mara hiyo. Likabaki pande moja, nene, lenye mafuta, na Kombo akalitazama mpaka akashindwa.

"Nina nyama," akasema polepole. "Nimeificha kwenye kichuguu cha bondeni, nisikugawie." Chubwi, nyafu... Akaacha kutafuna. Ladha aliijua. "Bi Nguchiro, hii nyama umeitoa wapi?"

"Bwana Kombo, sisi nguchiro tunalala wapi?"

Kombo akafikiri. "Vichuguuni."

"Basi."

Bi Tatu akacheka kwi kwi kwi, mzigo ukamdondoka, pu.

"Somo," Kombo akanong'ona, "si ulisema haya yanabaki siri?"

"Ya kigodani ndiyo yanayobaki. Wewe ulichagua mkeka."

Bi Tatu akaokota mzigo wake. "Nitarudi nyumbani kwetu mimi na wewe," akasema, "lakini na kigodani utakwenda. Peke yako, na bila chungu."

Kombo akaenda. Alitoka macho mekundu, na njaa yake. Alichokisema huko mimi sikijui, na Bi Nguchiro hasemi, kwa hiyo msiniulize. Ninachojua ni kwamba tangu hapo Bi Tatu akirudi kisimani hukuta pande lake limefunikwa, na Kombo kakaa mbali nalo, anatetemeka.

Mafunzo yake, wanangu: usimfiche mwenzako kitu hata kimoja. Na ukificha, usifiche kichuguuni.

"Chungu kiko wapi?"
"Kiko mezani."
"Na kifuniko chake?"
"Fisi kakirudisha."