Nzi Wasiotaka Mzoga

"Kuna mzoga humu ndani, nakwambia!" Abdiel alifoka, mtaimbo mkononi, jasho likimtiririka kama aliyenyeshewa. "Panya, popo, sijui nini, lakini kuna kitu kimekufa humu na leo nakitoa!"

"Utabomoa nyumba bure," dada yake Dalys alimjibu kwa ukali uleule. "Umeng'oa mbao za sebuleni, umeng'oa za jikoni. Umepata nini?"

"Vumbi. Haya, wewe mheshimiwa wa nzi, una wazo gani?"

"Ninalo. Nisikilize basi, kichwa ngumu wewe!"

Shangazi yao Edilsa, aliyekuwa akimenya mihogo, aligonga sufuria kwa kisu. "Nyamazeni! Baba yenu amelala."

Wapi! Mzee mwenyewe, Don Liborio, hakuwa amelala. Alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi, kofia yake ya ukindu yenye mistari myeusi imeshuka mpaka kwenye nyusi, anawatazama tu wanawe wanavyogombana.

Na nzi walikuwepo. Walikuja kila siku jua likiwa utosini. Hawakuwa kama nzi wa jikoni wenye fujo. Hawakugusa mihogo, wala damu ya kuku iliyobaki kwenye ubao. Walikuwa wa buluu iliyochanganyika na kijani, wanang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Walitua ukutani na kutulia tuli, kama watu waliofika matangani kabla mtu hajafa.

Dalys alifanya kazi mjini, kwenye kituo ambako nzi wa jimbo zima la Veraguas huletwa, hutazamwa kwa lenzi na kutengwa aina kwa aina. Alikuja nyumbani kupumzika, akakuta kazi imemtangulia. Basi akachukua glasi, akamfunika mmoja pale ukutani, akamuua, akamlaza juu ya sahani nyeupe.

"Njoo uone," alimwambia kaka yake, akampa lenzi. "Tazama huku nyuma, mwisho wa tumbo. Nzi wa mzoga ana madoa mawili ya rangi ya fedha, kama kapakwa unga. Huyu anayo?"

"Hana. Kwani nini? Nzi ni nzi."

"Si nzi ni nzi! Wanafanana kama pacha, lakini mmoja anakula kilichokufa, na mwenzake hakigusi kilichokufa hata umbembeleze. Huyu anataka nyama yenye pumzi. Tena wote hawa ni majike, wamejaa mayai."

"Ndiyo kusema?"

"Ndiyo kusema humu hakuna mzoga, Abdiel. Kuna kiumbe hai, kina kidonda, na hawa wamekuja kutaga mayai kidondani. Funza wakitoka wanamla akiwa mzima, anasikia."

Kisu cha Shangazi kilisimama katikati ya muhogo.

Wakamkagua mbwa, mzima. Wakamkagua nyumbu wao wa kupanda, mzima. Wakaenda zizini, ng'ombe hata mmoja hakuwa na mkwaruzo. Shangazi akapandisha sketi mpaka magotini, akajigeuza huku na huku. "Mimi kidonda changu ni cha moyo tu," alisema, "na nzi hawajui njia ya huko." Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikauka upesi. Macho yote yakamwendea mzee.

"Msinitazame mimi," Don Liborio alisema. "Mganga wa funza apate funza? Hata mbwa atacheka."

Na kweli, milima yote ile ilimjua. Tangu wale nzi warudi baada ya miaka mingi ya kusahaulika, baraza lake halikukosa wageni. Don Liborio hakuhitaji hata kumwona ng'ombe mgonjwa. Mwonyeshe unyayo wake tu. Atainama, atanong'ona dua yake, atauchonga ule unyayo na udongo wake kwa panga, kisha ataupindua, juu chini. Funza wanaanguka huko ng'ombe aliko. Waanguke, wasianguke, watu walisema wameanguka, na jina lake likazidi kupaa.

Dalys alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta alichokosa. Karibu na ua wa ng'ombe akaona mabonge ya udongo yaliyochongwa na kupinduliwa. Akadhani baba yake anatibu ng'ombe wa jirani. Lakini mabonge yalikuwa marefu na membamba, hayakufanana na kwato. Akainama, akafunua moja.

Ulikuwa unyayo wa mtu. Peku, na kidole kidogo hakipo.

Akafunua la pili. Vilevile. La tatu, vilevile. Yalianzia mlango wa nyuma, moja baada ya jingine, mpaka uani, kana kwamba kuna mtu alikuwa akitembea chini ya ardhi, miguu juu, kichwa chini. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye panga lilimchukua kidole kidogo cha mguu zamani za ujana wake.

Alirudi ndani mbio. "Baba, vua kofia."

"Nani amekufundisha kumwamrisha baba yako?"

"Vua, Baba. Nimeziona nyayo zako."

Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa kofia, akatembea polepole, akaingia chini yake. Don Liborio hakuinua hata mkono kumfukuza.

"Ni mkwaruzo wa seng'enge tu," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Dua inafanya kazi. Inataka muda."

"Baba, twende zahanati leo! Wanatolewa, unapona, kwisha!"

"Milima yote isikie Liborio katolewa funza kwa koleo? Keshokutwa watu wanakuja na ng'ombe wao. Nikimaliza nao, nitakwenda."

"Kufikia keshokutwa watakuwa wamefika ndani ya fuvu!"

"Hebu mwache mzee," Abdiel aliingilia. "Jina lake likianguka, sisi tunabaki na nini?"

Don Liborio akainuka, akaingia chumbani, akakaza komeo. Sauti ikatoka ndani: "Abdiel, keti hapo mlangoni. Asiingie mtu."

"Ndiyo, Baba."

Dalys alimlaani kaka yake, akapanda nyumbu, akateremka kumtafuta muuguzi. Mto ulikuwa umefurika, ikabidi alale ng'ambo.

Abdiel alikaa pale. Nzi walikusanyika mlangoni kuzunguka tundu la ufunguo, wakalizingira mpaka likawa kama jicho lenye kope za kijani. Ndani, baba yake alikuwa akiomba. Dua ileile, tena na tena. Halafu ikawa nusu ya dua. Halafu neno moja moja.

Asubuhi aligonga. "Baba, nikuletee kahawa?"

"Kesho," baba yake alijibu. Basi, hilo tu.

Mchana Dalys alifika na muuguzi, wote wamelowa mpaka kiunoni. Alimkuta Abdiel kwenye kiti, uso umetulia.

"Anaendeleaje?"

"Vizuri! Amenyamaza, anapumzika. Hata nzi wamemwacha. Tazama."

Ni kweli. Jua lilikuwa utosini na mlango ulikuwa mweupe, mtupu. Ukuta mtupu. Hakuna bawa lililovuma. Dalys alisogea. Juu ya kitasa alikuwa amebaki nzi mmoja tu, wa buluu na kijani, anang'aa kama wenzake. Dalys akainama mpaka pumzi yake ikamgusa. Mwisho wa tumbo lake palikuwa na madoa mawili ya fedha.

Akasimama wima. "Vunja mlango."

"Baba amesema—"

"Baba hasemi tena, Abdiel."

Mtaimbo ukaingia, komeo likakatika. Don Liborio alikuwa amelala chali kitandani, kofia bado iko kichwani. Muuguzi aliinyanyua kidogo, akairudisha haraka kama aliyefunika sufuria inayochemka. Abdiel alikiona kilichokuwa chini yake. Alishika ukuta.

"Hodi!" mtu aliita barazani. "Don yupo? Ndama wangu ana funza, nimemletea unyayo wake!"

Shangazi akamvuta Abdiel mkono, machozi yanamtoka. "Sema ni moyo, mwanangu," alinong'ona. "Sema ni moyo. Okoa jina la baba yako."

Abdiel alimtazama baba yake, akamtazama Shangazi, kisha akapaza sauti mpaka barazani: "Baba ameuawa na funza wa kichwani! Alikuwa nao, akaficha, na mimi nikamsaidia kuficha. Usiulete huo udongo humu, mlete ndama mwenyewe, Dalys amekuja na muuguzi mwenye dawa!"

Abdiel akatoka kwenda na mgeni kumleta ndama, akaufunga mlango nyuma yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.