Kitambaa Chekundu cha Mama Nakunda

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana aliyenisimulia alikuwepo na supu ya siku hiyo aliinywa, palikuwa na mlima mrefu wenye theluji. Msiniulize uko wapi, mtanisumbua niwapeleke. Chini ya mlima palikuwa na hoteli, na kutoka hotelini viti vilivyoning'inia kwenye waya viliwapandisha watu hadi juu. Wakifika juu wanashuka kwa kuteleza. Wengine walivaa skii, mbao mbili nyembamba, mmoja kila mguu. Wengine walisimama kiubavu juu ya ubao mmoja mpana. Wote walianguka, wote walicheka, wote walirudi kupanda. Ndiyo starehe yao, tuwaachie wenyewe.

Sasa sikilizeni. Theluji ya mwisho wa msimu si ya kuamini. Alfajiri ni ngumu kama sakafu. Saa nne jua likishaipiga inalainika, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Lakini ikifika saa sita inalegea, inakuwa nzito kama uji, na mlima unaweza kuivua yote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kila siku saa sita kamili mwanamke mmoja aitwaye Shose alipandisha bendera nyekundu. Bendera ikipanda, mtu hapandi.

Na watu wa mlima ule walikuwa na desturi yao. Mtu akifukiwa na theluji akatolewa hai, walisema amezaliwa mara ya pili. Mama yake alichukua kitambaa chekundu akamfunga mkononi aliyemtoa. Tangu siku hiyo aliyefungwa ni mzazi wa pili. Humpa mtoto jina jipya, na mtoto haolewi bila yeye kuulizwa. Kitambaa ni kimoja. Hakikatwi, wala hakifungwi mikono miwili.

Haya. Mama Nakunda alipika supu kwenye kibanda chini ya mteremko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nakunda, aliyempata baada ya miaka kumi na mmoja ya kuhangaika. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na msimu mzima alijifunza ubao akianguka hadi magoti yakaota sugu. Siku ya mwisho ya msimu akashuka kutoka juu mpaka chini bila kuanguka hata mara moja. Akaja mbio kibandani.

"Mama, umeniona?"

Mama hakumwona. Alikuwa anakata vitunguu. Na uso wa yule mtoto ulivyonywea, mama aliumia moyo.

Saa sita ikafika. Shose akashika kamba ya bendera.

"Shose, mdogo wangu, ngoja kidogo," Mama Nakunda akamwambia. "Apande mara moja tu nimwone. Kesho viti vinafungwa."

"Dada, jua limeshapiga."

"Mara moja tu. Na wewe ni mama."

Shose akalitazama jua, akamtazama mtoto, akaikunja bendera akaiweka kwapani.

Nakunda akapanda. Mama akasimama nje ya kibanda, mwiko mkononi, macho juu. Akamwona mwanawe anashuka, mdogo, mwekundu wa koti, anakata kona kushoto, anakata kona kulia. Mama akaanza kupiga vigelegele. Hakuvimaliza. Mlima ulitoa sauti moja nzito, kama mtu aliyeweka gunia chini, halafu upande mzima ukaanza kwenda. Koti jekundu likaonekana. Likaonekana tena. Halikuonekana.

Ndugu zangu, mama yule hakulia. Alisahau hata kulia. Alipanda mteremko ule na mwiko wake, akizama hadi mapajani, akiita jina.

Katikati ya mteremko akamkuta kijana wa skii aitwaye Elisaria. Amesimama. Amenyoosha mkono kuelekea mahali fulani kwenye theluji, hapepesi macho, anapiga kelele, "Pale! Pale pale!" Hachimbi, hasogei, hageuki.

"Mtoto wangu anakufa, wewe umesimama kama kigingi!" Mama akamchapa kofi. Elisaria hakugeuza uso. Akamchapa la pili, damu ikatoka puani. Mkono haukushuka. "Pale pale," akasema.

Akaja Mrutu, mwokoaji wa mlima, na fimbo yake ndefu ya chuma. Mrutu alikuwa ameshatoa watu sita miaka iliyopita, anajua kazi. Akasema, "Theluji hupeleka watu chini. Tukatafute chini."

"Pale," Elisaria akasema. "Nikitoa macho, pamepotea. Theluji yote inafanana."

Mrutu akasita, akaufuata ule mkono. Akachoma fimbo. Theluji. Akachoma. Theluji. Akachoma, akachoma, akachoma, na mama anahesabu moyoni bila kujua anahesabu nini. Fimbo ikagota kitu, lakini hakikuwa kigumu kama jiwe.

"Hapa!"

Shose akafika na beleshi. Akachimba hadi mpini ukavunjika. Akachimba kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Akafikia koti, akafikia uso, na uso ulikuwa wa bluu. Wanaume waliokuja kusaidia wakavua kofia, wakidhani amekufa. Shose akawatukana, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapuliza. Akapuliza. Akapuliza hadi mtoto akakohoa.

Hapo sasa mama akalia.

Wakamteremsha Nakunda hadi kibandani, wakamlaza kando ya jiko. Mama akaleta kitambaa chekundu. Hakufikiri mara mbili. Alikwenda moja kwa moja kwa Elisaria, akapiga magoti mbele ya ile pua yenye damu. "Mwanangu, nisamehe. Bila mkono wako tungechimba kwingine. Nipe huo mkono niufunge."

Elisaria akaurudisha mkono nyuma.

"Usinifunge, mama. Mimi ndiye niliyeiangusha ile theluji. Nilipita juu yake kwa skii, nikakata mteremko kwa sifa, ili watu wa chini wanione. Nilimwona akiondoka mbele ya macho yangu. Ndiyo maana sikuweza kuyatoa."

Supu ikafurika jikoni, hakuna aliyeinua sufuria. Mama alikuwa bado kapiga magoti, kitambaa mkononi, hajui asimame au amrukie.

Mrutu akakohoa. "Mama Nakunda, basi kitambaa ni changu. Fimbo ndiyo iliyompata. Na hapa ni mimi peke yangu nisiye na kosa."

"Ungekuwa chini huko ukichoma theluji tupu!" mwanamke mmoja aliyepika pamoja na Mama Nakunda akamjibu. "Na fimbo yako ilimpulizia pumzi?"

Watu wakamgeukia Shose. Shose alikuwa amekaa pembeni, vidole vimefungwa vitambaa, bendera iliyokunjwa iko mapajani.

"Mimi nilimtoa, na pumzi nilimpa," akasema polepole. "Kitambaa ningekitaka, sidanganyi. Lakini bendera ilipaswa kuwa juu. Ingekuwa juu, mtoto asingekuwa kule." Akainua macho. "Na dada, unajua kwa nini haikuwa juu."

Mama Nakunda akahisi joto la ghafla usoni, kana kwamba yale makofi mawili yamemrudia yeye. Watu wote wakamtazama. Kiganja kilichopiga bado kilikuwa kinawasha, na ndicho kilichoshika kitambaa.

Kutoka kando ya jiko, sauti ndogo yenye mikwaruzo ikasema, "Mama, uliniona?"

"Nilikuona," mama akasema.

"Nani amenitoa?"

Mama akakitazama kitambaa, akawatazama wale watatu.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msinikimbie sasa. Yupo aliyeiangusha theluji, lakini hakuyatoa macho pale alipozama mtoto. Yupo aliyempata, hana kosa, ila aliongozwa. Yupo aliyempa pumzi baada ya kuificha bendera. Na msiniambie kitambaa kikatwe, nimeshasema hakikatwi. Mtoto anasubiri jibu na jina lake jipya. Je, nani alistahili kufungwa? Na ule mkono wa mama, ulistahili kufunga?