Boma la Miiba Kisimani

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Mbeyu, tukitwanga mahindi, mimi hata jino la kwanza sijang'oa. Nilishtuka nikaangusha mchi. Mpaka leo nikiikumbuka, naguna.

Paukwa!

Pakawa!

He! Na nyinyi watu wazima huko nyuma, mmefunga midomo? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani, zile za kale kabisa, jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wakafukua. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakafukua tena. Kwaru, kwaru, kwaru. Maji hayo!

Lakini kisima cha mchangani mnakijua. Ukikipa mgongo, mchanga unarudi, poroo! Basi wakapatana: kila anayekuja, kwanza afukue, ndipo anywe. Mkubwa anafukua, mdogo anafukua.

Tabu ilikuwa Fisi. Aliwavizia wakiinama kunywa. Wakamwendea Nyati.

"Kaka Nyati, wewe una pembe. Tulinde."

"Nitawalinda. Ila nijengeeni boma la miiba kuzunguka kisima, nikae ndani."

Wakajenga. Digidigi, kale kadogo kuliko mbuzi, alikokota miiba mpaka mdomo ukatoka damu. Alikuwa na mtoto, wa juzi tu. Anataka mtoto anywe salama.

Kesho yake asubuhi akaja naye, na wanyama wengine nyuma yao. Mlango umefungwa.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi, kaka Nyati!"

"Nani huyo anatupigia kelele?"

Wajukuu zangu, sauti ile haikuwa ya Nyati! Ya nani? Ya Fisi! Fisi yumo ndani! Fisi ndiye bawabu!

Digidigi akamvuta mtoto nyuma. "Nyati! Huyu si ndiye tuliyekuweka umzuie?"

Nyati akatoa kichwa juu ya miiba, maji yanamtiririka kidevuni. "Sasa ananisaidia kazi. Nyinyi wengi mno, mnanichafulia maji. Rudini makwenu."

"Mtoto wangu anakauka!"

Fisi akacheka. "Miiba mizuri hii, shemeji. Nani aliikokota?"

Lahaula! Wanyama walisimama midomo wazi. Ngiri, yule mwenye meno ya nje, akalizunguka boma. Hakuna pa kupita. Miiba yao wenyewe, inawachoma wenyewe! Mtoto wa Digidigi akalala chini, ulimi nje.

Ngiri akasema, "Jamani, hiki kisima alikifukua nani?"

"Sisi."

"Na miguu yetu imefungiwa humo ndani?"

Wakatazamana. "Aa, tunayo."

"Basi tunalilia nini?"

Wakashuka mtoni mbele kidogo. Kwaru, kwaru, kwaru. Mchana kutwa. Jua linainama, tone moja. Tone jingine. Digidigi akamlowesha mtoto ulimi. Mtoto akapepesa jicho. Yu hai!

Na kule bomani? Nyati hafukui, yeye mkubwa. Fisi hafukui, yeye bawabu. Mchanga ukaingia, poroo! Ukaingia, poroo! Siku ya tatu kisima kikazibika. Fisi huyoo, akaruka boma akatokomea. Nyati akatoka anayumba.

"Nipeni maji. Mimi ni mlinzi wenu."

"Fukua," akasema Ngiri.

"Mimi?"

"Wewe."

Na Nyati, na pembe zote zile, akapiga magoti akafukua! Hakuna aliyecheka. Walishangaa mno.

Alipokwisha kunywa, Digidigi akamsogelea mpaka puani. Kale kadogo! "Utalinda bado, fisi hawajaisha. Lakini boma, hapana. Simama hapa wazi, sote tukuone."

Nyati akasimama wazi.

Basi serikali ndiyo hiyo. Watu ndio wanaoiweka, na watu ndio nguvu zake. Imewekwa iwalinde, si ijilinde nao. Na watu wasiache kuitazama.

Hadithi yangu imekomea hapo, alipoiachia shangazi. Haya, mikeka hiyo, kalaleni. Na wewe usiniulize Fisi alikwenda wapi. Lala.