Mbegu Iliyokaa Sebuleni

Mwanamke mmoja alikuwa na mbegu ya mahindi aliyoachiwa na mama yake. Jina lake Sekela, na kwao kulikuwa milimani, kule ambako mvua ikishaanza haina haraka ya kwisha. Mbegu yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu macho: mahindi mafupi, punje ngumu, nyingine nyekundu na nyingine nyeupe, zimechanganyika kama watu waliokutana njiani. Lakini mwaka ule wa jua kali, mashamba ya wengine yaliponyauka, mahindi hayo ndiyo yaliyosimama, na nusu ya kijiji ilikula kwa mama yake Sekela mpaka msimu ukageuka. Mama huyo alipoona siku zake zimekaribia, alimwita binti yake akamkabidhi fungu la mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Akamwambia ikae jikoni, na kila mvua aipande.

Sekela aliyapokea maneno hayo kwa machozi, na alikusudia kwa moyo wote kuyashika. Kule milimani kila mtu hutundika mbegu juu ya mafiga, kwenye miti ya paa la jiko, na hakuna anayeuliza kwa nini. Ndivyo wazee walivyofanya. Ila Sekela alikuwa na nyumba nzuri. Alikuwa na sebule yenye sakafu ya saruji na kabati la vioo, na alipolitazama lile fungu jeusi likining'inia kwenye moshi karibu na mkia wa panya, moyo ulimuuma. Akajiambia kwamba mama alisema jikoni kwa kuwa maskini hakuwa na sebule. Basi akaliteremsha, akalifuta masizi hindi moja moja kwa kitambaa chenye maji, akalianika likakauka, akaliweka kabatini katikati ya vikombe vya wageni. Juu yake akalifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

Tusimcheke. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na kosa linalofanywa kwa mapenzi huchelewa sana kuonekana. Kila wiki alifuta vumbi kwenye kioo. Mgeni akija, alifunguliwa kabati na kuonyeshwa, na mgeni naye, kama adabu inavyotaka, alitikisa kichwa na kusema kweli hii ni hazina. Hakuna aliyeuliza imepandwa lini. Sekela alipanda mbegu ya dukani kama jirani yeyote, akavuna cha kumtosha, na ya mama ikabaki pale. Kuitia kwenye tope aliona ni kuikosea heshima.

Ng'ambo ya kijito alikaa Subilaga, mwanamke mtu mzima aliyekuwa rafiki wa marehemu. Kila mwaka, mawingu yalipoanza kujikusanya, wanawake walikutana jikoni kwake kupukuchua mbegu. Kila mmoja alikuja na fungu lake la mahindi. Waliyatua, wakayapukuchua, wakazimwaga punje kwenye ungo mmoja baada ya mwingine, wakazichagua wote pamoja huku wakibishana. Subilaga hakuwa mtu wa hotuba. Kazi yake ilikuwa kuushika ungo, kuokota punje moja, kuizungusha mkono kwa mkono, na kuuliza, “Mnaona nini hapo?” Anayejua alisema, asiyejua alisema pia, na chai ilichemka pembeni.

Sekela hakwenda. Alisema moshi wa jiko lile unamtoa machozi, na ulikuwa unawatoa wote. Alisema nguo zinanuka. Lakini sababu yenyewe, ile aliyoificha hata kwa mumewe Anyosisye, ilikuwa hofu. Yeye alikuwa binti wa mwenye mbegu. Angekaa vipi katikati ya watu, wamuulize habari za mbegu ya mama yake, naye hajui kitu ila kuifuta vumbi? Heri mgeni asiyejua kuliko mrithi asiyejua, ndivyo alivyoona.

Ikaja mvua iliyowahi kuliko kawaida. Barabara ya bondeni ikamezwa na tope, na magari yenye mbegu ya dukani hayakufika. Ardhi ililowa, majembe yalinolewa, na nyumbani kwa Sekela hapakuwa na hata punje ya kutia shambani. Kama hatapanda wiki hiyo, hatavuna. Ndipo alipokwenda kabatini. Alikwenda bila wasiwasi, na hata kwa furaha kidogo, kwamba siku ya hazina imefika. Akafunua kitambaa cheupe. Chini yake palikuwa na unga.

Fukusi walikuwa wamekula mwaka baada ya mwaka, kimya, nyuma ya kioo kisafi. Punje zilikuwa na matundu. Alipolinyanyua hindi la juu, likamwagika mikononi. Sekela aliketi kwenye sakafu yake ya saruji akalia kilio cha msibani, kwa maana aliona amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Anyosisye alimwacha alie, kisha akasema kwa upole, “Kilichobaki kipeleke kwa bibi Subilaga. Akikugombeza, utakuwa umegombezwa na mtu anayejua.”

Akayafunga mahindi yaliyosalia, pamoja na punje na unga wake, kwenye kanga akavuka kijito. Njiani alitunga maneno ya kujitetea, akayasahau yote mlangoni. Jikoni kulijaa wanawake na moshi. Subilaga aliona kanga, akaona macho, akasogea kwenye benchi ili Sekela apate nafasi. Hakuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Akapokea kanga akaimwaga kwenye ungo, mbele ya wote, na Sekela akatamani ardhi ipasuke.

Siku hiyo alikuwapo pia mwanamke aitwaye Tabu, aliyeolewa kutoka mjini, ambaye hajawahi kulima hata mchicha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tabu alitazama ungo, akatazama juu, kwenye mafungu meusi yaliyoning'inia, akauliza swali ambalo hakuna mwenyeji angethubutu kuuliza. “Samahanini jamani, kwani kwa nini mnazitundika kwenye moshi?”

Wakacheka. Kisha wakatazamana, maana kila mmoja alingoja mwenzake ajibu. Mmoja alisema ni mila. Mwingine akasema ni kwa sababu ya panya, na wote wakapinga, kwa kuwa panya walikuwa wanapita hapo hapo juu wakisikia. Subilaga angeweza kuwaambia. Badala yake alisimama, akateremsha hindi moja jeusi, akalilaza kwenye ungo kando ya moja la Sekela. “Msinitazame mimi,” alisema. “Yatazameni hayo.”

Wakayainamia. Tabu akalisugua lile jeusi kwa kidole gumba; masizi yakatoka, na chini yake punje zilikuwa nzima, zinang'aa. Lile safi lilikuwa matundu matupu. Mtu akasema kumbe fukusi hapendi moshi. Mwingine akasema si moshi wa siku moja, ni wa kila siku, wa uji na wa maharage. Wakaendelea hivyo, huyu akiongeza neno, yule akilirekebisha, na katikati ya sauti hizo Sekela akasikia tena maneno ya mama yake kana kwamba yanasemwa mara ya kwanza. Ikae jikoni. Mama hakuwa amesema kwa umaskini. Alikuwa amempa mbegu pamoja na njia ya kuiweka hai, na yeye akapokea moja akaisahihisha nyingine.

“Nimeiua,” alisema.

Tabu, ambaye swali halimkai tumboni, akaokota punje yenye tundu. “Ina maana hii haioti tena? Mmeshajaribu?”

Hawakuwa wamejaribu. Mbegu yenye tundu hutupwa, hiyo nayo ilikuwa mila. Subilaga akacheka mpaka akakohoa, akalowesha kitambaa, wakazifunga ndani yake punje zote zilizobaki na kiini, wakakiweka karibu na mafiga, mahali pa joto. Ikambidi Sekela aje kila siku kulitazama fungu, na kila alipokuja aliketi, na alipoketi alipewa ungo wa mtu mwingine achague. Akajifunza habari za mbegu ambazo si zake. Akauliza mambo aliyoona aibu kutoyajua, na hakuna aliyeanguka kwa mshangao. Nywele zake zikanuka moshi. Walipofungua kitambaa, punje nyingi zilikuwa zimeoza, lakini nyingine zilitoa ncha nyeupe, ndogo mno, na wanawake wazima walizipigia vigelegele kama mtoto aliyezaliwa.

Sekela alizipanda mwenyewe, kwa mkono, kwenye tope lile lile aliloliogopa. Shamba halikujaa, majirani walimwongezea mbegu zao kwenye mistari mitupu. Mavuno yalipokuja, mahindi ya mama yake yalikuwa machache, mafupi, mekundu na meupe kama zamani, naye aliyatazama akaridhika kabisa. Mengine aliyatundika jikoni kwake juu ya mafiga. Moja alimpa Tabu, na Tabu akalitundika kwake, akaanza kuwasumbua watu kwa maswali mapya. Kabatini vikombe vya wageni vilirudi katikati, na Anyosisye humtania mkewe hadi leo kwamba sebule imebaki mjane, kwa kuwa wageni wote siku hizi wanapitiliza jikoni. Sekela humjibu kwamba jikoni ndiko kwenye chai.

Ninyi mliokuja leo kusoma Neno la Mungu pamoja nasi, na Kitabu Kitakatifu mapajani, wengine kurasa zake bado zimegandana kwa upya, wengine mlirithi cha mama na hamjawahi kumwambia mtu kwamba hamkielewi: benchi ni refu, na moshi unatutoa machozi wote. Nyumbani kwako, Neno linakaa wapi, sebuleni au jikoni?